Meno ya Namba Kumi na Saba

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, na wenye meno hayo siwaoni. Daktari anakaa chumba cha mbele, chenye dirisha na kile kiti cha kupanda na kushuka. Mimi nakaa nyuma, chumba chenye sinki, meza, jiko dogo la kuyeyushia nta na rafu nzima ya vinywa vya plasta, kila kinywa na namba yake. Watu wakiniuliza kwa nini sina subira na maongezi, nawaambia nimezoea vinywa visivyojibu. Mimi mwenyewe nina mapengo mawili upande wa kushoto. Mganga hajigangi.

Mwezi wa sita daktari alirudi kutoka kisiwani. Huenda huko mara moja kwa mwaka, hukaa siku nne, hung'oa, huziba, na wale waliokwisha meno huwachukua vipimo. Safari hii aliniletea vinywa vitatu. Cha tatu kilikuwa namba kumi na saba, mwanamume, miaka sitini na sita. Taya la juu kibogoyo kabisa, taya la chini yamebaki meno tisa. Nilikiweka mezani, nikawasha taa, nikakaa nacho bila kuanza kazi.

Chonge la kulia lilikuwa limegeuka ubavu, kama mtu kwenye picha ya pamoja aliyeitwa na wa nyuma yake dakika ile ile ya kupigwa picha. Na jino moja la mbele lilikuwa limemeguka pembe. Pembe hiyo humeguka kwa mtu anayefungua chupa za soda kwa meno ili wenzake wamsifu. Mmoja wa waliokuwa wakimsifu ni mimi.

Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Kaka yangu aliniuma nilipokuwa na miaka tisa, yeye kumi na minne, kwa sababu nilimsemea kwa mama kwamba hakwenda shule. Nikapandisha shati, nikaliweka lile taya la plasta juu ya kovu. Kovu lilikuwa limetanuka kadiri mkono ulivyokua, kwa hiyo halikulingana vizuri, lakini chonge lile lilikaa mahali pake pale pale. Nikabaki hivyo, mzee wa miaka sitini na mmoja nimejing'atisha plasta, na mlango sikuufunga. Daktari akaingia kutafuta funguo. Alitazama, akachukua funguo, akatoka. Ni binti mwenye adabu zake.

Kaka sikuwa nimemwona kwa miaka kumi na tisa, na sababu naijua, haina haja ya kuizungushia maneno. Mama yetu aliugua miezi saba. Kaka ndiye aliyemuuguza: kumwogesha, kumgeuza, kumlisha kwa kijiko. Mimi nilikuwa mjini na kazi zangu, nikituma salamu. Nilifika mama akiwa amekwisha kufa, na badala ya kulia nikaanza kuuliza maswali. Kwa nini hakupelekwa hospitali kubwa? Nani alikuwa akimpa dawa? Nikasema, mbele ya waombolezaji wote, kwamba uvivu wa mtu fulani umemuua mama. Kaka akaniuliza swali moja tu: "Wewe ulikuwa wapi?"

Nikamjibu kwa ngumi ya mdomo. Meno mawili ya mbele yakatoka, yale yale mawili yenye mwanya, mwanya wa mama, ambao mimi sikuurithi na nilikuwa nikimwonea wivu tangu utoto. Wazee wakatutenganisha. Yeye ameinama, damu inamchuruzika, na mimi mtengeneza meno nikasema neno ambalo hata leo likinijia usiku huamka nikakaa kitandani. Nilisema: "Njoo kazini, nitakutengenezea mengine."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki ile ile alifunga begi akaondoka, na hakuna aliyejua alikokwenda. Watu walituacha kama tulivyo, wakisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakalima miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo mke wangu naye akafariki, watoto hatukujaliwa, na nikabaki na ile rafu ya vinywa.

Kwa hiyo nilipolitambua lile taya, nilijua ninachokitaka. Nilitaka kaka aniite mdogo wangu, hata mara moja, kabla mmoja wetu hajatangulia. Hayo tu, wala sikutaka urithi au maelezo.

Nilitengeneza meno yale kwa wiki tatu. Kwa kawaida hunichukua siku nne. Na nilifanya jambo ambalo fomu haikuagiza: kati ya meno mawili ya mbele niliacha mwanya. Kuuacha mwanya ni kazi rahisi, kuuacha ule wenyewe ndiyo kazi. Niliyapanga kwenye nta, nikayabomoa, nikayapanga tena, mpaka siku moja nikayainua kwenye mwanga na mama akanichekea kutoka kiganjani mwangu. Niliogopa, nikayarudisha mezani haraka.

"Nitayapeleka mwenyewe," nilimwambia daktari.

"Mzee, wewe huruhusiwi kumvalisha mgonjwa."

"Sitamvalisha. Nesi wa kisiwani atamvalisha."

"Nesi hajui kuvalisha."

"Basi nitasimama pembeni nimwelekeze."

Alijua naongopa. Akaniandikia barua kwa nesi, akaipiga muhuri, akaniambia niendeshe polepole.

Pikipiki yangu ni ya zamani, ya enzi ambazo mke wangu alikuwa hai na alikuwa akikaa nyuma akitoa amri. Punguza. Shimo hilo. Unamfukuza nani? Safari hii nyuma nilifunga begi la vifaa kwa mpira. Meno niliyatia kwenye mkebe wa plastiki wenye maji, kwa sababu yakikauka hupinda, na mkebe nikauingiza ndani ya koti, kifuani. Nikaondoka alfajiri. Lami iliniacha mapema, ikaanza barabara ya vumbi, na kilomita baada ya kilomita nikajikuta nasubiri kukemewa. Hakuna aliyenikemea. Kilomita mia moja na kumi za kuendesha nipendavyo, na sikuzifurahia hata moja.

Barabara ile ilikuwa na matuta madogo madogo yaliyopangana kama bati la paa. Ukienda polepole yanakutikisa mpaka mifupa, ukienda mbio pikipiki inaelea na unaona kifo kinakuja na salamu zake. Nilichagua polepole. Kwa saa nzima nilipishana na mbuzi tu, na mtu mmoja wa baiskeli aliyeniambia ziwa liko hapo tu. Hapo tu ya watu wa barabara za vumbi haijawahi kupimwa. Ndani ya helmeti nilikuwa nikijaribu maneno yangu. "Kaka, nimekosa." Hapana, mafupi mno. "Kaka, hasira ni hasara, na mimi..." Hapana, kama mahubiri. Nilipofika kwenye mchanga nikaacha maneno nikashughulika na usukani, na bado nilianguka, kwa upole, kama gunia linalolazwa chini. Nilianguka chali, mikono miwili nimeukumbatia mkebe.

Nilipoinuka koti lilikuwa limelowa. Mkebe umepata ufa. Na tairi la nyuma nalo, kwa kuwa siku mbaya haiji peke yake, likawa linapiga mluzi. Nikakaa kando ya barabara, nikaziba ufa kwa nta ya kazini, nikaziba tairi kwa kiraka. Hakupita mtu. Nilikuwa na chupa moja ya maji ya kunywa. Nikanywa mafunda mawili, mengine nikayapa meno.

Saa tano nilifika ufukweni. Pikipiki niliiacha kwenye banda la mama mmoja muuza petroli, nikapanda boti ya injini pamoja na magunia ya saruji na abiria wanne wasiotaka maongezi. Nahodha akanitangazia kabla sijakaa: "Kurudi ni saa kumi. Saa kumi na dakika moja mimi sipo." Kisiwa kilikuwa kirefu, chenye mawe mengi na miti michache, na nyumba zilizopangana upande mmoja kana kwamba upande wa pili kulikuwa na mtu waliyemkosea.

Nesi alisoma barua, akatazama namba. "Kumi na saba? Huyo fundi wa injini za boti. Nyumba ya pili kutoka mwisho, utasikia cherehani ya mkewe. Mpelekee tu mwenyewe, mimi meno ya bandia sijui hata yanaingia kwa upande gani."

Cherehani niliisikia kabla ya kuiona nyumba. Chini ya paa la bati la pembeni kulikuwa na benchi la kazi, injini imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia, na mzee mmoja ameinama na bisibisi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na mdomo umekunjamana. Lakini alivyoshika bisibisi, kidole kidogo kimenyooka pembeni, hivyo hivyo alishika kalamu tangu darasa la kwanza.

Aliinua kichwa. Alinitazama muda wa kutosha mtu kuhesabu mpaka kumi. Cherehani ikanyamaza, na mwanamke mnene mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni akatokea mlangoni.

"Karibu, mgeni. Mume wangu, nani huyu?"

"Fundi wa meno," kaka alisema kwa fizi tupu. "Kutoka mjini. Yule daktari alisema ataletwa mtu."

Alisema hivyo bila kupepesa. Nami maneno yote niliyoyapanga ndani ya helmeti yakabaki humo humo. "Ndiyo, mama," nikasema. "Mimi ni fundi wa meno."

Mkewe alifurahi mno. Miaka miwili mume anakula uji na vitu vya kupondaponda, alisema, leo atapika nyama tuone. Akaingia ndani, tukasikia sufuria.

Kaka akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Hajui kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipofika hapa nilimwambia sina mtu. Wote wamekufa. Meno ya mbele nilimwambia nilianguka na pikipiki. Miaka kumi na saba tumekaa kwenye ndoa na uongo huo. Ukisema neno, unanibomolea nyumba."

"Sitasema."

"Na usije tena kunitembelea. Mtu wa meno akija na kazi yake, hakuna atakayeuliza. Akija bila kazi, mke wangu ataniuliza, na mimi siwezi kumdanganya mara ya pili."

"Nimekusikia, kaka."

"Fundi," alinirekebisha. "Niite fundi nami nikuite fundi. Tuko sawa."

Nikafungua mkebe. Nikanawa mikono kwenye ndoo yake, nikamkalisha kwenye kigoda, uso kwenye mwanga. "Fungua," nikamwambia, na akafungua. Miaka thelathini na tano nimetengeneza meno, na sikuwahi kuingiza kidole kwenye kinywa cha mtu hai. Kilikuwa cha moto. Plasta ni baridi siku zote. Nikapapasa fizi ya juu, nikafika pale mbele, mahali pangu, na hapo vidole vyangu vikiwa ndani ya kinywa chake ndipo nikasema.

"Nilikosa. Mama ulimuuguza wewe. Mimi sikuwepo, na nilikupiga kwa sababu sikuwepo."

Mwoga mimi. Nilichagua wakati ambao hawezi kujibu. Macho yake yalikuwa karibu na yangu, mekundu, yamezeeka. Angeweza kuniuma kwa yale tisa ya chini, chonge lile lile lilikuwa limegusa kidole changu. Hakuniuma. Nilipotoa mkono alimeza mate, akasema, "Nimesikia. Endelea na kazi."

Nikaendelea na kazi. Niliyavalisha, nikampa karatasi ya rangi ang'ate, nikayatoa, nikayapiga tupa palipogusa sana, nikayavalisha tena. Mara tatu hivyo. Mara ya nne yalikaa sawasawa. Mashavu yakajaa, mdomo ukapata pa kukaa, na kaka yangu akarudi pale kigodani kutoka huko alikokuwa. Akapitisha ulimi mbele, ukafika kwenye mwanya, ukasimama. Akaupitisha tena. Nikangoja aseme niuzibe, nta ninayo. Badala yake akageukia kioo cha pikipiki kilichokuwa kimetundikwa ukutani, akajitazama mpaka mkewe alipotuita.

Mkewe alipomwona aliweka sahani chini kwa haraka zisimdondoke. "Mungu wangu! Na mwanya juu! Fundi, mwanya umeutoa wapi?"

"Ni mtindo wangu tu," nikasema.

"Umemfanya kijana. Nitamfungia ndani huyu, wasichana watamuiba!"

Alicheka, nami nikacheka, na kaka akacheka mkono umefunika mdomo, kama watu waliozoea mapengo wanavyocheka. Tulikaa mezani watatu. Chumba kilikuwa safi, vitambaa vimekunjwa kwenye rafu kwa rangi, saa ya ukutani, kitanda cha wageni ambacho kimegeuzwa pa kuwekea nguo za wateja. Kaka akaweka kipande cha nyama mdomoni, akatafuna polepole, upande huu, upande ule, macho ameyafumba. Sikula sana. Nilikuwa namtazama anavyotafuna.

"Asante kwa chakula, shemeji," nikasema. Mwanamume yeyote angeweza kumwita hivyo mke wa mwenzake, si ajabu, na yeye hakushtuka. Kaka aliacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea.

"Na wewe, fundi, nyumbani kuna nani?" mkewe akaniuliza.

"Niko peke yangu. Mke wangu alifariki."

"Pole sana. Watoto?"

"Hatukujaliwa."

"Ndugu je? Hata ndugu mmoja?"

Uongo ulikuwa pale pale, ningeuokota tu. Ningesema sina, kama mwenzangu alivyosema, tukawa sawa kweli. Nikashindwa. "Nina kaka," nikasema. "Alihama zamani. Tulikosana, na kosa lilikuwa langu."

"Na hujui aliko?"

"Watu wanasema yuko mbali."

Yule mama alinihurumia kwa dhati, niliona. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, juu ya shati, karibu kabisa na kovu, akasema, "Mungu ni mwema. Iko siku atawakutanisha."

"Amina," akasema kaka.

Alilisema wazi, herufi zote zimetimia, kwa meno niliyomtengenezea. Kisha akaomba aongezewe nyama.

Saa tisa na nusu mkewe alimwambia amsindikize mgeni. Tukaenda kwa njia ya mawe, yeye mbele mimi nyuma, kama zamani tukienda kisimani. Ufukweni nahodha alikuwa anapakia magunia matupu na kutazama saa. Kaka akasimama mikono mifukoni. Akatazama boti, akatazama injini yake, akanusa, akamwambia nahodha plagi zake zimechakaa. Halafu akanigeukia.

"Haya meno," alisema. "Yanalegea?"

"Meno yote ya bandia hulegea. Fizi hunywea, meno yakabaki yanacheza."

"Yakilegea?"

"Yakilegea lazima nije, nipime upya."

"Mm." Akapitisha ulimi kwenye mwanya. "Baada ya muda gani?"

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Miaka thelathini na tano niko chumba cha nyuma, hakuna mtu aliyevaa kazi yangu akaniuliza habari zake uso kwa uso. Kichwa kikavimba. Nikajibu kwa majivuno ya ufundi. "Ya wengine, miaka mitatu, minne. Haya nimeyapima kwa wiki tatu. Miaka minane, kaka... fundi. Miaka minane utakaa nayo bila kumhitaji mtu."

"Minane," alisema.

"Hata zaidi, ukiyatunza."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akatazama mawe miguuni pake. Nilidhani ameridhika. "Haya," akasema. "Safari njema, fundi."

Nahodha akavuta kamba, injini ikanguruma, nikakaa juu ya magunia nikijisifu moyoni. Tulikuwa tumeacha ufukwe kama mita mia hivi ndipo nilipoelewa. Kaka hakuwa akiniuliza habari za meno. Alikuwa amenipa ruhusa ya kuja, kwa njia pekee iliyobaki, na akaniuliza ni baada ya muda gani. Ningesema mwaka mmoja. Ningesema miezi sita, meno mapya huhitaji kuangaliwa, nani angenipinga? Nesi hajui hata yanaingia kwa upande gani.

Nikasimama juu ya magunia. "Kila mwaka!" nikapiga kelele. "Kaka! Yanahitaji kuangaliwa kila mwaka!" Injini ikanimeza. Nahodha akanifokea nikae, nitawazamisha watu kwa ajili ya meno. Nikakaa. Kaka alikuwa amekwisha kugeuka, anapanda njia ya mawe kwenda kwa mkewe, mtu wa miaka sitini na sita, mwenye meno ya kumtosha mpaka sabini na minne.